Waya wa Ardhi

Katika kila nyumba yenye umeme mna waya mmoja ambao mwenyeji aweza kukaa nao miaka ishirini asione faida yake hata siku moja. Taa huwaka bila ya msaada wake. Redio husema bila yake. Pasi hupata moto na birika huchemka hata kama waya huo umekatwa na kutupwa. Kwa sababu hiyo watu wengi huudharau, na mafundi wasio waaminifu huuacha nje ya kazi yao ili kupunguza gharama, maana wajua kuwa hakuna atakayerudi kulalamika. Waya huo huitwa waya wa ardhi. Nataka kukueleza, msomaji, kazi yake ni nini, na jinsi kitu kikaacho kimya mwaka mzima kiwezavyo kuwa na thamani kuliko vyote vilivyo na kelele na nuru.

Umeme si mgeni wa jana katika nchi yetu. Mombasa ilipata kampuni ya umeme mwaka 1908, na mwaka 1922 kampuni ya Mombasa na ile ya Nairobi ziliunganishwa zikawa moja. Kwa miaka mingi baada ya hapo nuru hiyo ilikuwa mali ya miji. Lakini tangu mwaka 2015 serikali ilipoanza mpango wa kuwaunganishia umeme watu wakaao karibu na transfoma, nguzo zimepita mashambani na milimani, na nyumba nyingi ambazo babu zetu waliziangazia kwa koroboi leo zina swichi ukutani. Hili ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, nuru imetangulia na elimu yake imechelewa. Tumejifunza kuwasha kabla ya kujifunza kujilinda.

Kwanza yafaa tuelewe mwenendo wa umeme wenyewe. Umeme ni msafiri asiyeondoka kwao isipokuwa ana njia ya kurudi. Kwao ni kwenye transfoma. Hutoka huko kwa waya wa moto, nao katika Kenya huwa na nguvu ya volti 240. Hupita katika taa au pasi, hufanya kazi yake, kisha hurudi kwa waya wa pili ambao mafundi wetu huuita nyutro. Njia ikikatika popote, safari husimama. Hiyo ndiyo kazi ya swichi: kukata njia na kuiunga tena.

Sasa tega sikio, kwa kuwa hapa ndipo siri ilipo. Waya ule wa kurudi umefungwa na ardhi kule kwenye transfoma. Kwa hiyo ardhi tuikanyagayo ni njia ya pili ya kurudi nyumbani. Watu wengi hudhani kuwa ardhi huunywa umeme kama mchanga unywavyo maji. Si kweli. Umeme haunywewi, hupita ardhini kwa haja moja tu, kurejea ulikotoka. Mtu asimamaye juu ya sakafu yenye unyevu, akashika kitu chenye umeme, amejifanya daraja baina ya waya wa moto na njia hiyo ya pili. Msafiri hamwonei huruma daraja.

Chombo cha chuma, kama vile pasi au jiko la umeme, hakina hatia maadamu waya wa moto ndani yake umevikwa vema. Lakini mavazi ya waya huchakaa. Joto huyakausha, panya huyatafuna, na mtikisiko huyachuna. Siku moja waya ulio uchi hugusa ganda la chuma, na chombo chote hugeuka kuwa waya wa moto. Macho hayaoni mabadiliko yoyote. Pasi ni ile ile, na mpini ni ule ule. Waya wa ardhi umewekwa kwa ajili ya siku hiyo moja. Umefungwa kwenye ganda la chombo, nao huteremka hadi kwenye fimbo ya shaba, au ya chuma kilichovikwa shaba, iliyopigiliwa nje ya nyumba. Umeme ukitoroka huipata njia hiyo iliyo rahisi kuliko mwili wa binadamu.

Haya nalifundishwa katika chuo cha ualimu, nami nayafundisha darasani kwa chaki. Nalipata kuyaona kwa macho mwaka ule tulipohamia katika nyumba ya kupanga, moja kati ya nyumba nane zilizojengwa kwa mstari katika ploti moja, umbali wa dakika kumi kutoka shuleni. Bafu ilikuwa na shawa ya umeme, ile ndogo ya plastiki ichemshayo maji yanapopita. Chombo hiki kimeenea sana katika miji yetu. Ndani yake mna koili ya waya, na katika nyingi ya shawa hizo koili hukaa uchi ndani ya maji yenyewe. Shawa ya wati 5,500 huvuta umeme wa ampea 23 hivi, karibu mara tatu ya birika la wati 2,000. Yaani katika nyumba nyingi, chombo chenye nguvu kuliko vyote ndicho kile atumiacho mtu akiwa uchi, amelowa, na peku.

Siku ya kwanza jirani alikuja kutukaribisha. Alikuwa mama mwema, na baada ya salamu alitupa wasia: "Mkiingia bafuni vaeni ndara, na msiguse bomba wakati shawa inafanya kazi. Hutekenya kidogo." Alisema hivyo kama asemavyo mtu anayeonya juu ya ngazi yenye utelezi. Nyumba zote nane zilikuwa hivyo. Watoto wa ploti ile walikuwa wamekua wakijua kuwa bomba la bafu huuma, kama wajuavyo kuwa nyuki huuma.

Nalimwarifu mwenye nyumba siku ile ile. Alinijibu kwa simu, kwa upole kabisa: "Mwalimu, nyumba hizo zina miaka kumi na miwili, na hajafa mtu." Aliahidi kumleta fundi mwisho wa mwezi. Kabla ya mwisho wa mwezi mama yangu alikuja kutoka nyumbani kumwona mjukuu wake mchanga. Tulimwambia habari ya ndara, naye akaitikia. Lakini mama ni mtu wa zamani. Hajapata kuoga na viatu tangu azaliwe. Asubuhi ya siku ya tatu tulisikia kishindo. Mke wangu, mwenye akili nyepesi kuliko yangu, hakukimbilia bafuni. Alikimbilia kisanduku cha swichi ukutani na kuzima umeme wa nyumba nzima, ndipo alipofungua mlango. Mama alikuwa ameketi sakafuni, mkono wake wa kuume umekufa ganzi hadi begani. Alisema, "Bomba limenishika, likakataa kuniachia. Nimeanguka, ndiyo maana nimepona."

Maneno ya mama yalikuwa ya kweli kuliko alivyojua. Umeme wa miliampea moja, yaani sehemu moja katika elfu ya ampea, huhisiwa kama mtekenyo. Ukifika miliampea kumi hivi, misuli ya mkono hujikaza, na aliyeshika hawezi kuachia hata akitaka. Ukipita thelathini, pumzi na moyo vimo hatarini. Tofauti baina ya kile jirani alichokiita mtekenyo na kile kiletacho msiba ni ndogo mno, nayo hutegemea mambo madogo: sakafu imelowa kiasi gani, ngozi ni kavu au la, ndara zina tundu au hazina. Ndara si ulinzi. Humlinda mtu mpaka siku atakapoegemea ukuta wenye maji kwa mkono wa pili.

Sikungoja mwisho wa mwezi. Nalimtafuta fundi mwenye leseni, akaja msichana mmoja mhitimu wa chuo cha ufundi, na mfuko wa vyombo begani. Alizima swichi kuu, akahakikisha kwa kipimo kuwa hakuna umeme, ndipo alipoifungua shawa. Waya wa kijani wenye mstari wa manjano ulikuwapo. Ulikuwa umekunjwa kama mkia wa mjusi na kufungwa kwa utepe mweusi, haukuunganishwa na kitu. Alicheka bila furaha, akasema, "Mwalimu, huyu fundi alijua kabisa ni waya gani. Alidhani hauna kazi, kwa kuwa shawa ilichemsha maji bila yake."

Nalimwuliza mbona fyuzi na vikatio havikukata mama aliposhikwa. Hili ni swali ambalo kila mwanafunzi apaswa kuuliza, na jibu lake ni hesabu nyepesi. Mwili wa mtu aliyelowa waweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 hivi. Gawanya volti 240 kwa 1,000, utapata ampea 0.24, ambazo ni miliampea 240. Kiasi hicho chatosha kabisa kuua. Lakini kikatio cha shawa yetu kiliwekwa kikate umeme upitao ampea 32. Kwake yeye robo ya ampea si kitu. Fyuzi na vikatio vya kawaida vimewekwa kulinda nyaya zisiungue na nyumba isishike moto. Havikuwekwa kumlinda mtu. Mtu aweza kufa mbele ya fyuzi iliyo nzima, na taa zikaendelea kuwaka.

Basi fundi aliuunga ule waya wa kijani. Nalidhani kazi imekwisha, lakini yeye alitoka nje kuitafuta fimbo ya ardhi. Alifukua chini ya ukuta kwa koleo dogo, akauona mwisho wa waya ukining'inia ndani ya tundu tupu. Fimbo haikuwapo. Mtu alikuwa ameing'oa na kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wizi wa namna hiyo umeitesa nchi yetu kiasi kwamba mwaka 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa muda, baada ya minara na vyombo vya umeme kuharibiwa. Sisi husikia habari hizo tukawaza juu ya minara mikubwa. Hatukumbuki kuwa mwizi huyo huyo huiba hata mita moja ya shaba chini ya dirisha la bafu, na kwamba aibapo hapo hachukui mali tu, huchukua usalama wa watu asiowajua.

Fimbo mpya ilipigiliwa mahali penye unyevu, kwa sababu udongo mkavu na mwamba ni njia mbaya. Kisha fundi akapima, na kipimo kikaonyesha omu 40. Alinipa kalamu yake. "Piga hesabu, Mwalimu." Nikagawanya 240 kwa 40, nikapata ampea 6. Nilitazama jibu lile kwa mshangao. Waya wa ardhi ulikuwa mzima, fimbo ilikuwa mpya, na bado umeme ukitoroka ungepita kwa ampea 6 tu, na kikatio cha ampea 32 kisingejua lolote. Chuma kingebaki na umeme saa nzima, mchana kutwa, mpaka mtu akiguse. Fimbo peke yake haitoshi.

Kilichobaki ni chombo kidogo ambacho nitakiita kikatio cha uvujaji. Kazi yake ni ya karani mwaminifu. Huhesabu umeme uendao kwa waya wa moto na umeme urudio kwa nyutro, na hesabu hizo lazima ziwe sawa. Zikitofautiana kwa miliampea 30 hivi, chombo chajua kuwa sehemu ya umeme imepata njia nyingine, yamkini kupitia mwilini mwa mtu, nacho hukata umeme katika muda usiofika theluthi moja ya sekunde. Sasa ona jinsi viwili hivi vinavyosaidiana. Waya wa ardhi humpa mtoro njia tangu dakika ya kwanza chombo kinapoharibika, na kikatio cha uvujaji humwona na kufunga mlango, kabla ya mkono wa mtu kufika hapo. Kimoja bila kingine ni nusu ya ulinzi. Chombo hicho kina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze kila baada ya miezi michache, na kisipokata, mwite fundi.

Gharama ya yote ilikuwa kama bei ya kuku wachache. Nalimpelekea mwenye nyumba stakabadhi, pamoja na ule waya uliokunjwa kama mkia wa mjusi. Aliukubali mzigo huo, akatukatia katika kodi. Lakini zilikuwapo nyumba nyingine saba. Tulikutana wapangaji, tukamwandikia barua kwa adabu, kila mmoja akatia sahihi. Wengine walihofu kufukuzwa. Mzee mmoja alisema kuwa bomba limemtekenya miaka minane na afya yake ni njema. Hata leo niandikapo, nyumba sita zimetengenezwa na mbili bado. Katika mojawapo ya hizo mbili wanakaa watoto watatu. Jioni nisikiapo maji yakimwagika kwa jirani, sina raha mpaka nisikie sauti ya mtoto akiimba.

Mdogo wangu, akaaye Minnesota katika Marekani, alinieleza jambo lililonifunza kitu. Huko majira ya baridi ni makali, na nyumba hupashwa joto kwa tanuri la gesi likaalo aghalabu chini ya nyumba. Tanuri huchoma gesi, lakini feni yake na viongozi vyake hutumia umeme. Ili kujua kama moto umewaka kweli, chombo hupeleka umeme mdogo mno, wa sehemu za milioni za ampea, kupitia katika ndimi za moto zenyewe hadi kwenye chuma cha kichomeo, nacho kimeungwa na waya wa ardhi. Umeme ukipita, chombo chajua kuwa moto upo. Usipopita, hufunga gesi baada ya sekunde chache ili nyumba isijae gesi isiyowaka. Kwa hiyo huko waya wa ardhi ukilegea, tanuri laweza kukataa kuwaka, na nyumba ikapoa. Mwenye nyumba hutafuta fundi usiku huo huo. Tena kanuni za huko zakataza mtu kulitumia bomba la gesi liingialo nyumbani mahali pa fimbo ya ardhi, katazo ambalo kila mwenye akili ataliona sababu yake.

Nalitafakari sana habari hiyo. Katika tanuri lile waya wa ardhi una ulimi, ukiumia, husema. Katika shawa na pasi zetu ni bubu. Ukikatwa, hakuna kinachozima, wala kupoa, wala kulia. Kwa hiyo sisi twapaswa kuusemea. Kitu kisichoweza kulalamika chahitaji mtu wa kukiulizia habari.

Wewe msomaji, yamkini huna nyumba bado, wala hupangi. Lakini unao uwezo wa kutazama. Tazama plagi ya meno matatu. Jino la juu ni refu kuliko mengine mawili, nalo ndilo la ardhi. Waliolibuni, kwa kanuni iliyotolewa Uingereza mwaka 1947, walilifanya refu ili liingie kwanza na kutoka mwisho, na ili lifungue vilango vidogo vinavyoziba matundu mawili ya umeme. Fundi mwema aifunguapo plagi huweka waya wa kahawia kulia penye fyuzi, wa buluu kushoto, na wa kijani na manjano juu, tena huuacha huu wa mwisho uwe mrefu kidogo, ili plagi ikivutwa kwa nguvu uwe wa mwisho kuchomoka. Hekima yote hiyo imefichwa katika kitu kikaacho kiganjani.

Nasi hufanyaje? Katika mabweni na vyumba vya kupanga nimeona kalamu ikisukumwa katika tundu la juu ili kufungua vilango, kisha plagi ya meno mawili ikalazimishwa chini yake. Mtu huyo amemdanganya mlinzi ili mlango ufunguke. Iwapo kalamu ina chuma ndani, au mkono umekosea tundu, udanganyifu huo waweza kuwa wa mwisho. Vipo viunganishi vilivyotengenezwa kwa plagi za meno mawili, tumia hivyo. Na kama chombo kina alama ya mraba ndani ya mraba, jua kuwa kimevikwa mara mbili na hakihitaji waya wa ardhi. Kama hakina alama hiyo na kina ganda la chuma, kisitumike kwa meno mawili.

Usijifanye fundi. Nimekueleza mambo haya upate kuuliza, si upate kufungua. Kazi ya nyaya katika Kenya ni ya mtu mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, nawe una haki ya kumwomba akuonyeshe. Ukimwona mtu ameshikwa na umeme, usimguse kwa mkono, hata awe mzazi wako. Kata umeme kwanza. Usipoweza, simama juu ya kitu kikavu, umtenge na umeme kwa ubao au mpini mkavu wa fagio, kisha ita msaada.

Na likizo ijayo ukifika nyumbani, waulize wazee maswali matatu: Fimbo ya ardhi ya nyumba hii iko wapi? Ipo kweli, au lipo tundu tu? Na je, kisanduku chetu kina kikatio chenye kitufe cha kujaribia? Wakikwambia kuwa miaka yote hajafa mtu, uliza tena, kwa adabu.